Sir Fenton na Vyungu vya Rathcullen

Sir Fenton Royse alikuwa baroneti, mbunge na mlaji, na katika hayo matatu ni ulaji tu aliojifunza kwa juhudi zake mwenyewe. Cheo cha Sir alikirithi kwa baba, kama mtu anavyorithi shamba au upara. Kiti cha bunge nacho kilikuwa karibu kama cha urithi, maana baba yake alikikalia kabla yake, na babu yake kabla ya baba. Lakini tumbo lilikuwa lake, na alilitunza.

Tumbo hilo lilianzia kibandani kwa Gobnait Heffernan. Wakubwa wa Ireland walikuwa na desturi hiyo: mtoto wa jumba akizaliwa, hupelekwa kwa mke wa mpangaji akanyonye, na kurudishwa akishajua kuvaa viatu. Gobnait, mke wa mchungaji wa ng'ombe wa Rathcullen, alikuwa amejifungua Lorcan wiki ileile. Akamweka mmoja kulia na mwingine kushoto, akawanyonyesha wote wawili, na walipoanza kula akawalisha kwa upawa mmoja. Fenton aliporudishwa kwa mama yake mzazi alikuwa na umri wa miaka mitano, hajui hata neno moja la Kiingereza, na alilia siku nzima kwa sababu supu ya jumbani haikuwa na harufu ya moshi. Mpishi wa jumbani akachukia. Hata Fenton alipokuwa mtu mzima, mpishi huyo alimwita "yule wa kibandani."

Basi Fenton na Lorcan walikuwa ndugu wa ziwa moja. Mmoja akawa bwana mwenye nyumba kubwa yenye mapaa yanayovuja. Mwingine akawa mwendesha gari lake la farasi. Lorcan ndiye mtu pekee wilayani aliyeweza kumwambia Sir Fenton kwamba ni mjinga, na hakuwa mchoyo wa kusema hivyo.

Kule Dublin, bungeni, Sir Fenton alikaa miaka ishirini bila kufungua kinywa isipokuwa kwa kupiga miayo. Waliosimama na kuhutubia kwa saa tatu aliwastahi sana, akawasinzilia. Kazi yake hasa ilikuwa Rathcullen, kwa sababu Rathcullen walikuwa na namna yao ya kuchagua mbunge. Pale kura haikuwa ya mwenye ardhi wala ya mwenye elimu. Kura ilikuwa ya mwenye chungu. Mwanamume mwenye jiko lake ndani ya mipaka ya mji, ambaye kwa miezi sita amechemsha juu ya moto wake chakula alichokipika yeye au mtu wa nyumba yake, huyo ndiye mpiga kura. Asubuhi ya uchaguzi msimamizi hupita nyumba kwa nyumba, hufunua kifuniko, huona mvuke, husema "Kinachemka," na mwenye chungu huhesabiwa.

Wagombea wengine katika miji mingine walihutubia juu ya mapipa. Sir Fenton aliomba kijiko. Wiki nzima kabla ya uchaguzi alikula kila nyumba, tajiri kwa maskini, viazi kwa mtindi, kabichi kwa kichwa cha nguruwe, na hakuna aliyemwona akiacha kitu kwenye bakuli. Kwa kuwa mla cha mwenziwe na chake huliwa, Krismasi mji wote ulikwenda kula kwake, na paa lilivuja juu ya wote bila ubaguzi.

Ubaguzi ulikuwa kwenye sheria. Sheria ya nchi ile ilikuwa na pua ya ajabu: ilinusa mvuke wa chungu cha Mprotestanti hata kikiwa na maji matupu, lakini chungu cha Mkatoliki kingeweza kuchemka mpaka kipasuke na isinuse kitu. Lorcan alikuwa Mkatoliki. Msimamizi alipopita na karani wake, mlango wa Lorcan aliuruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Kwa uchaguzi wa mwaka 1783 akaja Josias Pelling.

Huyu alikuwa mfanyabiashara wa nguo kutoka Limerick, mwembamba, msafi, mtu wa kula mkate mkavu huku akisoma. Kwa Sir Fenton hilo peke yake lilitosha kumtilia mashaka. Pelling alinunua nusu ya mtaa wa chini, akawaahidi watu kazi za kufuma, na akasema waziwazi akiingia bungeni atafanya nini: atapitisha sheria ya kukizungushia uzio Kinamasi Chekundu, akikaushe, apande kitani.

Kinamasi Chekundu ndiko kila nyumba ya Rathcullen ilikokata udongo mweusi wa kuwashia moto, wakauanika kiangazi na kuurundika ukutani kwa ajili ya baridi. Miti ya kuni ilikwisha zamani za mababu.

"Na sisi tutawasha nini, bwana?" akauliza Zachary Pym, fundi viatu, siku Pelling alipoyasema hayo sokoni.

"Makaa ya mawe, rafiki yangu. Ni safi, na yanauzwa Limerick kwa bei nzuri."

"Na huko Limerick anayeyauza ni nani?"

Pelling akakohoa. Mji ukacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi, maana waliotamani zile kazi za kufuma walikuwa wengi. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Wapo waliokula kwa Sir Fenton Krismasi ishirini ambao sasa walimwona barabarani wakageuka kutazama paa za nyumba.

Lorcan akahesabu kichwani huku akimsugua farasi kwa brashi. "Fenton, ukishindwa, Mama atakufa kwa baridi."

"Sitashindwa."

"Utashinda kwa lipi? Kwa meno?"

"Watu wa hapa wananipenda."

"Watu wa hapa wanapenda kula. Ni tofauti." Akaitupa brashi ndooni. "Moto unaopigiwa kura ni wa kwangu, na mimi nimesimamishwa pembeni kama ufagio. Halafu wewe mwenye kazi hiyo unaniambia unapendwa!"

Sir Fenton akaenda kula kwa Zachary.

Tatizo lenyewe lilikuwa wafumaji kumi na mmoja. Pelling aliwaleta kabla ya baridi kuanza, vijana wasio na wake, akampa kila mmoja chumba chenye jiko katika ule mtaa wake wa chini. Miezi sita ikatimia barabara kabla ya siku ya uchaguzi. Bila wao, hesabu ya mji ilisimama hivi: Sir Fenton alikuwa mbele kwa mtu mmoja tu. Pamoja nao, alikuwa amekwisha. Na kura zikilingana, anayeamua ni msimamizi. Na msimamizi, Bwana Ambrose Glascott, alikuwa na binti aliyechumbiwa na mpwa wa Pelling. Glascott alikuwa mtu mkavu, mkali wa taratibu, ambaye hajawahi kusikika akisifu kitu chochote, hata hali ya hewa.

Asubuhi ya uchaguzi ilikuja na manyunyu. Sir Fenton alikuwa na hofu, na kwa mara ya kwanza tangu surua ya utotoni aliondoka nyumbani bila kunywa chai. Mkewe, Bibi Honora, alimtazama akiuacha mkate mezani, akajua hali ni mbaya.

Walianzia mtaa wa chini. Mbele Glascott na karani. Nyuma wagombea wawili. Nyuma yao mji mzima, na mbwa. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mfumaji aitwaye Obadiah Clegg. Chungu cha chuma kilikuwa kimening'inia juu ya moto. Glascott akafunua.

"Kinachemka."

Mvuke ukapita puani mwa Sir Fenton, na tumbo lake tupu likanguruma mpaka karani akageuka. "Samahani," akasema Sir Fenton. "Kijana, waweza kunipa kijiko kimoja tu? Sijala."

Clegg akamtazama Pelling. Pelling akainua mabega: mzee mwenyewe anajulikana. Sir Fenton akachota, akapuliza, akala. Ilikuwa nyama ya ng'ombe, laini, na ndani yake kulikuwa na kungumanga.

Akashangaa kidogo. Kungumanga ilikuwa kitu cha mezani kwa matajiri, na hata Bibi Honora aliifungia kabatini. Lakini vijana siku hizi, nani ajuaye. Akashukuru, wakaenda nyumba ya pili.

"Kinachemka," akasema Glascott.

"Nami nionje," akasema Sir Fenton. Nyama ya ng'ombe. Kungumanga. Na chumvi ileile, iliyozidi kidogo.

Nyumba ya tatu hakuomba, alijichotea. Alipomeza, uso wake ulianza kufunguka. Akamrudia Clegg, aliyekuwa amefuata msafara, akamshika bega kwa upole.

"Mwanangu, ile supu yako ni tamu. Hebu niambie, umeipikaje?"

"Nimepika tu, Mheshimiwa."

"Umetia nini?"

"Nyama."

"Na nini?"

"Maji."

"Na nini tena?"

Clegg akafikiri mpaka jasho likamtoka. "Na... moto."

Watu wakaangua kicheko. Pelling akasema hii si shule ya mapishi, sheria inataka mvuke, na mvuke upo. Glascott akatikisa kichwa kuafiki. Hapo Sir Fenton, ambaye bungeni hakuwahi kumkatiza mtu, akapaza sauti ili mtaa wote usikie.

"Sawa, bwana msimamizi! Lakini nasikitika kusema, aliyepika vyungu hivi hajui chumvi. Nyama ameionea. Ningekuwa na mpishi kama huyu ningempa kazi ya kulisha nguruwe, na nguruwe wangelalamika."

"Hajui chumvi nani?"

Sauti ilitoka nyuma. Umati ukapasuka na Prudence Kell akatokea, mpishi wa nyumba ya wageni, mikono kiunoni, uso umemwiva. "Hajui chumvi nani, wewe pipa? Nimepika miaka ishirini! Meya wa Limerick alilamba sahani yangu! Nimeamka kabla ya majogoo nipike vyungu kumi na moja, nivibebeshe watu kwa mikokoteni huku mvua inaninyeshea, halafu nije nitukanwe na—"

Akanyamaza. Mtaa mzima ulikuwa umenyamaza kabla yake.

"Endelea, mama," akasema Sir Fenton. "Na kungumanga umeipima kwa mkono wa mtaalamu. Hilo nalikiri."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Pelling iliishia pale kwenye mlango wa tatu. Glascott, kwa kuwa alikuwa mkali wa taratibu hata taratibu ilipomuumiza, akamwambia karani awafute wafumaji wote kumi na mmoja: chungu kilichopikwa jiko la mwingine si chungu cha mwenye nyumba.

Kelele za furaha zikapanda mpaka mbwa wakabweka. Lorcan alirusha kofia yake, ikatua juu ya paa la mtu.

Lakini Pelling hakuwa mtoto. Alifuta miwani yake, akangoja watulie. "Vema," akasema. "Kama kipimo ni ulimi wa Sir Fenton, basi ulimi uonje vyote. Na vya watu wake vilevile. Au unaonja upande mmoja tu, Mheshimiwa?"

"Naonja vyote," akasema Sir Fenton, na kwa njaa aliyokuwa nayo, hakuona ubaya wowote.

Akaonja. Kwa mhunzi palikuwa na kabichi na mafuta ya nguruwe. Kwa seremala, viazi vilivyokauka. Kwa mfua vyungu, kitu ambacho mwenyewe alikiombea radhi. Kila nyumba ilikuwa na mkono wake, na Sir Fenton aliwataja wapishi mmoja mmoja, mke, dada, binti, bila kukosea hata mara moja. Mji ulikuwa unafurahia kama uko kwenye mashindano ya farasi. Hivyo wakafika kwa Zachary Pym, fundi viatu, mjane wa mwaka mmoja, aliyeishi peke yake na nyundo zake, na ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akimlisha Sir Fenton viazi vitupu.

Sir Fenton akachota, akala, akabaki na kijiko mdomoni.

Mwilini mwake kitu kilirudi nyuma miaka hamsini. Shayiri ile ilikuwa imekaangwa kavu kwanza, mpaka ikaungua kidogo ukingoni, ndipo ikatiwa maji na shingo ya kondoo. Hakuna mtu wilayani aliyefanya hivyo isipokuwa mmoja. Kabla hajaota meno alikuwa ameshaijua ladha hii. Ulikuwa mkono wa Gobnait.

"Vipi?" akauliza Glascott. "Mpishi ni nani?"

Nyumba ya Gobnait ilikuwa mlango wa pili kutoka hapo. Kila mtu alijua alivyomhurumia Zachary alipofiwa. Sir Fenton akainua macho, akamwona Lorcan, naye ameinusa shayiri ile, mlangoni akitikisa kichwa polepole: nyamaza, nyamaza, nyamaza. Hapakuwa na mwingine aliyejua. Neno moja, "Zachary," na kinamasi kingebaki, na moto wa watu wote. Neno jingine, na kura zingelingana, na Glascott angeamua.

Tusimpambe. Sir Fenton alikuwa mwanasiasa. Alikwisha kudanganya kuhusu daraja, kuhusu barabara ya kanisani, na kuhusu umri wa kila farasi aliyemuuza. Kuhusu chakula hakuwahi, na sasa alijaribu. Alifungua kinywa aseme "Zachary," na kinywa kikakataa, kwa sababu ladha ya yule mama ilikuwa bado imo ndani.

"Huyu ni mama yangu," akasema. "Huu ni mkono wa Gobnait Heffernan."

Lorcan alitukana kwa Kiairishi, tusi refu lenye wajomba ndani yake. Pelling akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie Rathcullen. Zachary alikuwa anapiga kelele kwamba ni uongo, ni yeye, ni yeye, na hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu mwanamume kudai amepika supu namna ile kulionekana kuwa upuuzi.

Ndipo fimbo ikaanza kuwagonga watu miguuni, na Gobnait akapita katikati yao, mfupi, umri wake unaelekea themanini, shali imemfunika mpaka nyusi.

"Nani kasema nimepika mimi?"

"Mimi, Mama," akasema Sir Fenton.

"Wewe! Nimekulisha mpaka umekuwa mkubwa kama zizi, na hujui tofauti ya mwalimu na mwanafunzi?" Akamchapa fimbo ya mguu mbele ya msimamizi wa uchaguzi. "Nimemfundisha huyu! Nitampikia mtu mzima mpaka nife? Majira yote ya baridi ananiunguzia shayiri, namwambia tupa, anza tena. Chungu ni chake. Mkono ni wake. Mimi nimeuelekeza tu."

"Bwana msimamizi," akasema Pelling, "huyu mwanamke ni Mkatoliki, tena ni mama mlezi wa mgombea. Ushahidi wake hauna uzito."

"Basi usinisikilize mimi. Mwambie apike!"

Glascott akatazama mvua, akatazama saa yake, akatazama chungu. "Apike," akasema.

Bakuli moja likatengwa, na kilichobaki kikamwagwa kwa mbwa, ambao walikuwa na siku njema kuliko wote. Zachary akaingia jikoni peke yake, mlango wazi ili watu waone. Gobnait akaketishwa juu ya jiwe nje, na Pelling akataka ageuze mgongo asije akatoa ishara. Akageuka. Lakini pua haina mgongo. Harufu ya shayiri ilipoanza kupanda, mabega ya bibi yule yakaanza kusogea yenyewe. "Geuza," akanong'ona. "Geuza, we punda." Pelling akataka apelekwe ng'ambo ya barabara. Akapelekwa, akinung'unika njia nzima.

Zachary, anayeweza kushona kiatu akiwa amefumba macho, aliangusha kitunguu mara mbili. Sir Fenton alisimama dirishani, hawezi kusema, hawezi kusaidia, na njaa yote imemtoka. Kando yake Lorcan alikuwa hamtazami.

"Ikiungua," akasema Lorcan kwa sauti ya chini, "sitakuendesha tena maisha yangu yote. Utatembea mpaka Dublin."

Moshi ukabadilika harufu, ukakaribia kuungua, ukakaribia sana. Ng'ambo ya barabara Gobnait alikuwa amefumba macho. Hapo Zachary akanyakua chungu, akamwaga maji, na mvuke ukapanda hadi darini kwa sauti ya kuzomea. Mji mzima ukapumua.

Shingo ya kondoo haiharakishwi. Walingoja. Mtu akaleta gongo ikapitishwa mkono kwa mkono, na wafuasi wa Pelling nao wakanywa, kwa kuwa mvua ilikuwa inamnyeshea kila mtu. Hatimaye Glascott akasema hatamwachia Sir Fenton aonje. Ataonja mwenyewe kile cha awali kilichobaki kwenye bakuli, kisha hiki kipya. Akaonja cha kwanza. Akaonja cha pili. Akasimama. Akachota tena cha pili. Akachota mara ya tatu, na karani akamtazama kwa mshangao.

"Ni mkono mmoja," akasema Glascott, akijifuta mdomo. "Kinachemka. Mwandike."

Sir Fenton alishinda kwa kura moja. Wakamketisha kwenye kiti cha ushindi, na mabegani mwa watu wanane, kwa sababu wanne walishindwa, akabebwa kuuzunguka mji kama desturi ilivyo. Lorcan hakuwa miongoni mwa wabebaji. Alitembea kando ya kiti, mikono mifukoni.

"Ulitaka kutuzimia moto," akasema, "kwa ajili ya ulimi wako."

"Nisingeweza, Lorcan. Nilijaribu."

"Najua. Nilikuona." Akapiga teke jiwe. "Vyungu vyote umeonja leo. Hata cha yule mfua vyungu, Mungu atusamehe. Mlangoni kwangu mmepita moja kwa moja."

"Lakini mimi nakuja kwako kila Jumapili!"

"Unakuja kula," akasema Lorcan. "Hukuja kuhesabu."

Watu wanane walikuwa wanaimba, kiti kikayumba, na Sir Fenton akakishikilia kwa mikono miwili. Lilimchoma neno lile, likabaki linamchoma, na si mtu aliyezoea kuchomwa na neno.

Gobnait alikufa miaka minne baadaye, kitandani kwake, moto ukiwaka, wana wake wawili pembeni, mmoja akilia kimya na mwingine, yule mwenye cheo, akilia kwa sauti mpaka kasisi akamwomba atoke nje. Kisha mwaka 1793 muswada wa kuwapa Wakatoliki kura ukaletwa bungeni. Wengi waliukubali kwa sababu serikali ya London iliutaka. Sir Fenton aliukubali kwa sababu zake. Ilipofika wakati wa kuitikia alisema "Ndiyo" kwa nguvu mpaka mbunge aliyesinzia mbele yake akaangusha kitabu. Katika miaka yake yote bungeni, hilo ndilo neno moja lililosikika wazi kutoka kinywani mwake.

Uchaguzi wa 1797 mpinzani alikuwa yule mpwa wa Pelling, na wimbo ulikuwa uleule wa uzio na kinamasi. Glascott, mzee sasa, alipita na karani mpya. Walipofika kwa Lorcan hawakuuruka mlango. Glascott akaingia, akainama kwa shida, akafunua.

"Kinachemka," akasema. "Lorcan Heffernan, kura yako ni kwa nani?"

Sir Fenton alikuwa keshaingia, ameketi kwenye kiti chake cha kila Jumapili, mguu wenye jongo umenyooshwa kuelekea moto. Alikuwa anatabasamu. Mji wote mlangoni ulikuwa unatabasamu.

"Sijui bado," akasema Lorcan.

Tabasamu la Sir Fenton likasimama. "Hujui nini?"

"Sijaombwa."

"Nikuombe? Lorcan! Wewe ni ndugu yangu."

"Zachary ni nani yako? Kila uchaguzi ulisimama mlangoni kwake, ukabisha, ukavua kofia, ukamwomba. Mhunzi ulimwomba. Seremala mlevi ulimwomba. Mimi miaka sitini na nne unaingia kwangu bila hodi, unakaa, unakula." Sauti ya Lorcan ilikuwa ya utani ilipoanza, sasa haikuwa. "Hakuna mtu aliyewahi kuniomba kitu, Fenton. Huwa naagizwa."

Sir Fenton alishika mikono ya kiti, akajisukuma mpaka akasimama, akachukua fimbo yake, akatoka nje huku anachechemea, na watu wakampisha. Mlango ukafungwa nyuma yake. Wakasikia akibisha.

Lorcan akafungua. Baroneti alikuwa amesimama kwenye manyunyu, kofia mkononi, mvua inamtiririka kwenye upara.

"Hodi, Bwana Heffernan," akasema. "Naitwa Fenton Royse. Nimekuja kukuomba kura yako, kama utapenda."

Lorcan alitaka kusema kitu cha kejeli, alikuwa amekiandaa tangu asubuhi, na hakikutoka. Macho yake yalikuwa yamelowa, na yeye alikuwa ndani, hakunyeshewa.

"Karibu ndani," akasema. "Nitafikiria."

Akamwekea bakuli, akamwekea na Glascott, akamwekea na karani. Wakala, na mji umesimama mlangoni. Lorcan alikula chake mpaka mwisho bila haraka, akafuta bakuli kwa mkate, akasimama wima kama yuko kanisani, akalitaja jina la ndugu yake kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Karani akauliza jina la mpiga kura linaandikwaje. Sir Fenton alikuwa anafungua kinywa amjibu, Glascott akamgusa mkono.

"Mwache," akasema Glascott. "Atalisema mwenyewe."